Jina la Leso ya Irenka

Runinga ya Jayantilal imefungwa juu, karibu na dari,
baina ya marobota ya leso na saa iliyokwama.
Sisi mafundi wa veranda twaiona kwa pembe,
shingo upande, mguu kwenye pedeli,
pindo likienda lenyewe.

Leo anacheza Irenka.
Mwenye shoto. Mwenye kovu la goti.
Aliyemwacha mumewe, ambaye pia ndiye aliyemfundisha,
na hilo, hapa Biashara Street,
lina uzito kuliko mataji yake manne.

"Amekonda," asema Shebwana,
ambaye hajashika raketi maishani
ila ile ya umeme ya kuulia mbu.
"Mwanamke akikosa kituo, hata mkono huisha nguvu."

"Kituo gani?" Kadzo auma uzi.
"Bwana alikuwa akimfokea mbele ya watu.
Nilimwona akimrushia chupa ya maji."
"Uliona nini wewe? Uliona picha."
"Picha hairushi chupa."

Mpira wagonga wavu. Wa pili nao.
"Ndiyo hayo!" asema Shebwana,
kama kwamba ni talaka iliyoshika raketi.

Mteja mwenye doti tatu za kupindwa
naye akaingia mumo humo:
binamu yake afanya kazi hotelini, Doha,
alimwona Irenka ana kwa ana,
saa tisa za usiku, viatu mkononi, mezani peke yake.
"Alikuwa akilia?"
"Alikuwa akila."
Tukamkasirikia kidogo kwa kutotuletea zaidi.

Mimi ni shabiki wake, nasema wazi.
Nampenda anavyofuta uso kwa mkono wa fulana, kama mtoto,
anavyoudundisha mpira mara tatu, asubiri, kisha mara ya nne.
Na nilipenda pia, kwa nini nifiche,
kujua alihamia nyumba gani
na nani alibaki na mbwa.

Ila nilikuwa nakata leso.
Doti hutoka kiwandani mbili zimeshikana,
na mkasi ulipofika nusu
nikaukumbuka mwaka ule Badi aliposhuka ngazi
na sanduku lake la bati,
na veranda hii ikanihesabia pointi.
Sikuambiwa kitu. Nilisikia tu cherehani
zikinyamaza nikipita,
halafu zikianza tena, zote kwa pamoja.
Kuna aliyesema nimekonda.

Mimi niliweza kujibu.
Nilichagua leso nyekundu, pindo jeusi,
nikajifunga siku tisa, Kibokoni hadi Mwembe Tayari,
jina likinifuata nyuma kwa wajuao kusoma:

MWAHESABU YA MWENZENU, YENU NANI AHESABU

Siku ya kumi Shebwana mwenyewe
aliniletea kahawa, hakusema neno.

Irenka hana leso.
Ana fulana nyeupe yenye jina la benki.

Seti ya tatu. Jayantilal ameacha daftari lake wazi,
awekea dau la soda mbili kuwa watarudiana.
Si yeye na mpinzani wake. Yeye na mume.
Kadzo akubali dau.
"Na wewe?" waniuliza. "Wewe ndiye umjuaye. Wasemaje?"
Nikasema shoto lake limepona,
mwaka jana hakuweza kuufikia mpira ule wa pembeni.
Wakacheka. Hilo si jibu.

Mteja akataka leso zake, ana haraka ya feri.
Nikainama, nikazikunja, nikamtafutia chenji ya mia mbili,
na nyuma yangu veranda ikalipuka kwa kelele
nisizoweza kujua ni za furaha au za msiba.
Sikuuliza nani kashinda.
Niligeuka na noti mkononi, na mdomo wangu,
huu huu wangu, ukatangulia:

"Analia?"